Real Madrid na mechi saba za mwisho

Real Madrid wamelichukua Kombe la Ulaya, ambalo leo huitwa Ligi ya Mabingwa, mara 15. AC Milan wanaowafuata wanalo mara 7, Liverpool na Bayern München mara 6 kila mmoja. Tangu Liverpool wawafunge 1-0 jijini Paris mwaka 1981, Madrid wamecheza fainali tisa za kombe hili na kushinda zote tisa. Sita kati ya hizo zimeangukia katika misimu 11 tu, kuanzia ule wa 2013/14 hadi wa 2023/24.

Kijiweni hoja hii ikizuka, majibu huwa mawili: wana bahati, wana hela. Yote mawili yana ukweli na nitayafikia. Lakini hayaelezi kwa nini klabu nyingine zenye hela, na nyingine zinazocheza mpira mzuri zaidi yao, zimefika nusu fainali mara kwa mara na kutoka mikono mitupu. Kwa mtazamo wangu jibu kubwa limo kwenye ratiba yenyewe. Kwa miaka mingi, kuanzia hatua ya 16 bora hadi fainali zilikuwa mechi saba: raundi tatu za nyumbani na ugenini, kisha fainali moja. Madrid, kwa makusudi na kwa mazoea ya muda mrefu, wanajenga kikosi cha kushinda mechi hizo saba.

Tazama walivyomaliza ligi ya kwao katika misimu waliyobeba kombe. 1998 walikuwa wa nne, na kocha Jupp Heynckes aliondoka muda mfupi baada ya kuwapa kombe walilolisubiri miaka 32. Mwaka 2000 walikuwa wa tano. Zaragoza walioshika nafasi ya nne walilazimika kwenda Kombe la UEFA ili bingwa mtetezi apate nafasi. 2002 wa tatu, 2014 wa tatu, 2016 wa pili. 2018 walimaliza wa tatu, pointi 17 nyuma ya Barcelona, na mwezi huohuo wakalibeba kombe kwa mara ya tatu mfululizo. Katika makombe tisa tangu 1998, ni matatu tu, ya 2017, 2022 na 2024, yaliyokuja pamoja na ubingwa wa Hispania.

Ligi ya mechi 38 inampima anayeweza kumfunga timu ya mkiani ugenini Jumapili ya Februari, wiki baada ya wiki. Mtoano unapima jambo jingine: nani anabaki hai kwenye dakika 180, na nani ana mtu wa kumaliza kazi dakika zile tano au sita ambazo mpinzani ameyumba. Timu inayomiliki mpira kwa asilimia 65 na kupiga mashuti 20 itakusanya pointi nyingi kwa mwaka mzima, kwa sababu makosa yake madogo yanafidiwa na wingi wa mechi. Kwenye mtoano hakuna wingi huo.

Mfano ulio wazi ni nusu fainali ya 2022 dhidi ya Manchester City. Mechi ya kwanza Manchester iliisha 4-3 kwa City, na kwa namna City walivyocheza ingeweza kuwa sita au saba. Madrid walifungwa mabao mawili ndani ya dakika 11 za kwanza, lakini kila City walipotaka kuondoka, bao moja liliwarudisha: Benzema, Vinícius, kisha Benzema tena kwa penalti ya kudokoa katikati ya goli. Kufungwa 4-3 ugenini ni kufungwa, ila ni tofauti ya bao moja, na mechi ya pili ni Bernabéu, uwanja wao wa nyumbani.

Marudiano, Mahrez alifunga dakika ya 73. Jumla ikawa 5-3. Hapa ndipo mtu anapaswa kuangalia benchi. Kroos alikuwa ameshatoka dakika ya 68, akaingia Rodrygo. Dakika ya 75 kocha Ancelotti akawatoa Modrić na Casemiro, akawaingiza Camavinga na Asensio. Kiungo chote kilichobeba makombe matatu mfululizo kilikuwa benchi, na timu inahitaji mabao mawili. Dakika ya 87 Grealish alikaribia kuimaliza mechi mara mbili: Mendy aliondosha mpira mmoja mstarini, na mwingine Courtois akaugusa kwa ncha ya kiatu. Kisha Camavinga akamwinulia Benzema mpira upande wa mbali, Benzema akaurudisha kwa mguso mmoja, Rodrygo akafunga dakika ya 90. Lilikuwa shuti la kwanza la Madrid kulenga goli usiku ule. Dakika moja baadaye krosi ya Carvajal, Asensio akaigusa, Rodrygo akafunga kwa kichwa. Penalti ya Benzema katika dakika 30 za nyongeza ikamaliza habari.

Watu waliita muujiza. Mimi naona mambo matatu yaliyopangwa: kufungwa kidogo mnapozidiwa, kuwa na wachezaji wa akiba wenye miguu mibichi na ubora wa kuanza, na kocha asiyeogopa kumtoa mkongwe. Robo fainali dhidi ya Chelsea ilikwenda vilevile. Chelsea waliongoza 3-0 Bernabéu, jumla 4-3 kwao, Rodrygo akaingia dakika ya 78, na dakika ya 80 Modrić akamtupia pasi ndefu kwa upande wa nje wa mguu, bao. Mwaka 2024 dhidi ya Bayern, mtu wa benchi alikuwa Joselu, mshambuliaji wa mkopo kutoka Espanyol waliokuwa wameshuka daraja. Aliingia dakika ya 81 Madrid wakiwa nyuma 1-0. Dakika ya 88 Neuer akautema mpira wa Vinícius, Joselu akawa wa kwanza kuufikia. Dakika ya 91 Rüdiger akaleta krosi, Joselu tena. Timu nyingi kubwa zingeona aibu kumsajili mchezaji wa aina hiyo. Madrid walihitaji mtu mmoja anayekaa kwenye boksi na kusubiri mpira unaodondoka, wakampata kwa gharama ndogo.

Dakika 30 za nyongeza

Kuna hesabu ambayo haitajwi vya kutosha. Katika misimu sita ya ubingwa tangu 2014, Madrid walicheza dakika 30 za nyongeza mara sita: Atlético 2014 na 2016 kwenye fainali, Bayern 2017, Chelsea na City 2022, City tena 2024. Walifunga mabao 8 katika vipindi hivyo na hawakufungwa hata moja. Bayern walikuwa pungufu baada ya kadi nyekundu ya Vidal dakika ya 84, hilo lazima lisemwe. Lakini mara sita, 8-0, haiwezi kuelezwa kwa kadi moja.

Sehemu ya maelezo ni mwili. Antonio Pintus, kocha wa viungo kutoka Italia, alifika 2016, akaondoka 2019, akarudi 2021; makombe manne kati ya hayo sita yamepatikana akiwa kazini. Sehemu nyingine ni jinsi makocha wanavyotunza nafasi za kubadilisha wachezaji. Fainali ya Lisbon 2014 ni somo zima. Simeone, kocha wa Atlético, alimwanzisha Diego Costa akiwa majeruhi na kumtoa dakika ya 9, nafasi moja ikapotea. Hadi dakika ya 83 alikuwa amemaliza zote tatu. Ancelotti upande wake alimwingiza Marcelo na Isco kwa pamoja dakika ya 59 na kuusukuma mchezo upande wa kushoto. Ramos aliposawazisha kwa kichwa kutokana na kona ya Modrić, dakika 92 na sekunde 48 zikiwa zimetimia, Atlético walikuwa na Juanfran anayechechemea upande uleule ambao Marcelo na Di María walikuwa wakipita. Bao la kwanza la dakika za nyongeza lilitoka hapo, na Marcelo mwenyewe alifunga la pili.

Mtazamaji huona kichwa cha Ramos. Mechi ilikuwa inaegemea upande mmoja tangu dakika ya 60.

Namna kikosi kinavyojengwa

Madrid ni klabu ya wanachama. Haina hisa za kuuza. Ni miongoni mwa klabu nne za Hispania, pamoja na Barcelona, Athletic Bilbao na Osasuna, ambazo sheria ya 1990 iliziacha bila kugeuzwa kampuni. Hakuna tajiri wala serikali ya kuziba pengo la mahesabu. Hela wanazo: msimu wa 2023/24 mapato yao yalivuka euro bilioni moja, klabu ya kwanza ya soka kufika hapo. Na kwa miaka mingi walinufaika na utaratibu wa Hispania ulioruhusu kila klabu kuuza haki zake za televisheni peke yake, hadi serikali ilipoubadilisha mwaka 2015. Ilikuwa faida isiyo ya haki kwa klabu ndogo, na Madrid na Barcelona waliitumia vizuri.

Lakini PSG walipolipa euro milioni 222 kumchukua Neymar mwaka 2017, bei ya mchezaji aliyekamilika ilitoka nje ya uwezo wa klabu isiyo na mfadhili. Madrid walikuwa wameshaanza njia nyingine. Miezi michache kabla ya hapo walikuwa wamekubaliana na Flamengo kuhusu Vinícius, umri miaka 16, kwa euro milioni 45. Kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, hivyo alibaki Brazil hadi Julai 2018. Rodrygo alifuata kutoka Santos kwa bei ileile. Valverde alikuwa ameshaletwa kutoka Peñarol kwa takriban euro milioni 5. Kazi ya Juni Calafat, mkuu wa wasaka vipaji, ni kumpata mchezaji mwaka mmoja kabla hajawa ghali.

Kinachofuata baada ya kusajili ndicho wengi hushindwa kuiga. Kijana hapewi timu siku ya kwanza. Vinícius na Rodrygo walianzia kucheza na Castilla, timu ya pili inayoshiriki daraja la chini. Valverde alicheza Castilla, kisha akapelekwa Deportivo La Coruña kwa mkopo. Casemiro alikwenda Porto msimu wa 2014/15, akarudi akiwa mtu mwingine. Carvajal, mtoto wa akademi, aliuzwa Leverkusen 2012 mkataba ukiwa na kipengele cha kumnunua tena. Mwaka mmoja baadaye walilipa euro milioni 6.5 wakamrudisha, naye akaishia na makombe sita.

Wakati vijana wanapikwa, wakongwe bado wanacheza. Mei 2022 Modrić alikuwa na miaka 36, Kroos 32, Casemiro 30. Nyuma yao Valverde 23, Camavinga 19. Wakongwe wanaujua usiku wa mtoano unavyokwenda, vijana wana mapafu. Miezi mitatu baadaye Casemiro aliuzwa Manchester United na Tchouaméni alikuwa ameshatua kutoka Monaco kwa takriban euro milioni 80. Hakukuwa na msimu wa kujenga upya. Na walipohitaji mabeki, walisubiri mikataba iishe: Alaba 2021 na Rüdiger 2022 walikuja bila ada ya uhamisho.

Si kila usajili umefanikiwa. Hazard, aliyenunuliwa 2019 kwa zaidi ya euro milioni 100, aliandamwa na majeraha na hakuwahi kuwa mchezaji wao wa mechi kubwa. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba pengo la Ronaldo, aliyeuzwa Juventus 2018 akiwa na miaka 33, halikuzibwa sokoni. Lilizibwa na Benzema, aliyekuwepo tangu 2009 na kukubali kwa miaka tisa kumfungulia mwenzake njia.

Miaka ambayo haikuwa hivi

Anayedhani jezi nyeupe peke yake inashinda makombe asome miaka ya 1967 hadi 1997. Hakuna kombe hili hata moja.

Enzi ya kwanza, makombe matano mfululizo kuanzia 1956 hadi 1960, ilijengwa na rais Santiago Bernabéu juu ya vitu viwili. Uwanja mpya ulifunguliwa Desemba 1947, ukilipiwa kwa hati fungani walizonunua wanachama, na ukaleta mapato ya mlangoni ambayo wachache Ulaya walikuwa nayo. Mapato hayo yakawaleta wageni bora: Di Stéfano 1953, Kopa kutoka Ufaransa 1956, Puskás kutoka Hungaria 1958, akiwa na miaka 31. Di Stéfano alifunga katika fainali zote tano. Ile ya mwisho, Glasgow 1960, Eintracht Frankfurt walipigwa 7-3. Puskás manne, Di Stéfano matatu. Hoja kwamba ni Franco, mtawala wa kiimla wa Hispania, aliyewapa nguvu ina tatizo la tarehe: vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1939, na Madrid hawakushinda ligi tena hadi 1954, msimu wa kwanza wa Di Stéfano. Ligi mbili za kwanza baada ya vita zilikwenda kwa klabu ambayo leo ni Atlético.

Baada ya Kombe la Dunia la 1962 Hispania ilifunga mlango kwa wachezaji wa kigeni, na haikuufungua hadi 1973. Kombe la 1966 lilipatikana kwa Wahispania 11 watupu, kisha kimya. Hata mlango ulipofunguliwa, idadi ya wageni ilibanwa. Kizazi kizuri cha Butragueño kiliishia nusu fainali mara tatu mfululizo, 1987 hadi 1989, safari ya mwisho kikipigwa 5-0 na Milan. Hukumu ya Bosman, iliyoondoa ukomo wa idadi ya wachezaji kutoka nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, ilitoka Desemba 1995. Mei 1998, Amsterdam, wachezaji 7 kati ya 11 walioanza dhidi ya Juventus walikuwa wamezaliwa nje ya Hispania, na bao pekee lilifungwa na mmoja wao, Mijatović. Sioni hapo sadfa. Klabu hii hutawala pale inaporuhusiwa kukusanya wachezaji bora wa dunia mahali pamoja.

Kitu kimoja, hata hivyo, kilizaliwa katika ukame ule. Kwenye Kombe la UEFA, michuano midogo kuliko Kombe la Ulaya, mwishoni mwa 1984 walifungwa 3-0 na Anderlecht, wakarudi Bernabéu wakashinda 6-1. Mwaka uliofuata Borussia Mönchengladbach waliwapiga 5-1, wakajibiwa 4-0; jumla ikawa 5-5 na Wajerumani hao wakatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Waliubeba ubingwa misimu yote miwili, 1985 na 1986. Juanito, mshambuliaji mwenye jezi namba 7, ndiye aliyekuwa roho ya usiku ule. Alifariki 1992, na hadi leo mashabiki humwimba kila dakika ya saba inapofika. Tangu hapo kupindua meza kumekuwa jambo ambalo Bernabéu hulitarajia, na mpinzani hulitarajia pia. City walipofungwa la kwanza dakika ya 90 walikuwa bado mbele kwa bao moja. Waliocheza kama timu iliyokwisha kutolewa ni wao.

Ukusanyaji wa nyota nao una mpaka. Mwaka 2003 walimleta Beckham na kumuuza Makélélé kwa Chelsea, yaani wakaongeza kiungo wa kushambulia na kumtoa anayefunika nyuma ya washambulizi. Robo fainali ya 2004 walitolewa na Monaco, na Morientes, ambaye Madrid wenyewe walimpeleka huko kwa mkopo, alifunga katika mechi zote mbili. Kuanzia 2005 hadi 2010 walitolewa hatua ya 16 bora misimu sita mfululizo: Juventus, Arsenal, Bayern, Roma, Liverpool, Lyon. Hakuna uzoefu wala historia iliyowaokoa, kwa kuwa timu ilikatika vipande viwili na katikati hapakuwa na mtu.

Bahati

Bahati ilikuwepo. Bao la Ramos katika fainali ya 2016 alilifunga akiwa ameotea. Mawili ya Ronaldo dhidi ya Bayern 2017, vilevile. VAR, yaani marudio ya video kwa mwamuzi, ilikuwa haijafika kwenye michuano hii. Mwaka 2018 kipa wa Bayern, Ulreich, alijikanganya na pasi ya kurudishiwa, na kwenye fainali Karius wa Liverpool aligawa mabao mawili baada ya Salah kuumia mapema.

Lakini hesabu iwe kamili. Kati ya 2011 na 2018 Madrid walifika nusu fainali mara nane mfululizo. Walitolewa nne, mojawapo kwa penalti dhidi ya Bayern 2012, nyingine na Juventus 2015 kwa mabao ya Morata aliyetoka akademi yao. Anayefika hatua hiyo kila mwaka atapata bahati nyingi na mikosi mingi. Na kuna usiku ambao kipa mzuri huitwa bahati: fainali ya 2022 Liverpool walilenga goli mara 9, Courtois akayatoa yote tisa. Kipa wa kiwango hicho hununuliwa, hajitokezi.

Mwaka 2024 Kroos alistaafu. Madrid hawakununua kiungo wa kushika nafasi yake. Walimleta Mbappé, mshambuliaji mwingine wa upande wa kushoto alikokuwepo Vinícius. Joselu naye aliondoka. Mfumo mpya wa timu 36 uliwaweka nafasi ya 11, wakalazimika kucheza raundi ya ziada na City kabla ya 16 bora. Madrid waliwatoa City, wakawatoa na Atlético kwa penalti. Kisha Aprili 2025, London, Declan Rice wa Arsenal akafunga kwa faulo mbili ndani ya dakika 12, Merino akaongeza la tatu, na katika muda wote huo hapakuwa na mchezaji wa kuushika mpira, kuupoza mchezo na kuikubali 1-0. Marudiano Bernabéu walimwaga krosi baada ya krosi kwenye boksi lisilo na mtu wa kuruka. Saka akafunga dakika ya 65, Vinícius akasawazisha dakika mbili baadaye, Martinelli akamaliza. Jumla 5-1.